Nadharia ya Uhakiki na Urekebishaji wa Maandishi: Mfano wa Habari za Mauaji ya Wazee Gusii

1. Utangulizi

Neno "uhakiki" limezoeleka katika idara zetu kwa maana moja, yaani kukipima kitabu kilichokwisha kuchapishwa. Mhakiki hukipokea kitabu, hukichambua maudhui na fani, kisha hutoa hukumu yake. Mwandishi naye huwa amekwisha kuondoka. Hata mhakiki akigundua kwamba sentensi fulani imempotosha msomaji, sentensi hiyo hubaki ilivyo, na ugunduzi hubaki kuwa faida ya mhakiki na wanafunzi wake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nadharia za uhakiki zina kazi nyingine ambayo hatujaishughulikia ipasavyo, nayo ni kuyarekebisha maandishi yakiwa bado mswada. Dai letu ni kwamba nadharia yapaswa kupimwa kwa kile inachobadilisha katika sentensi. Mwanafunzi akijaza kurasa tano za maelezo juu ya ufeministi au nadharia ya baada-ukoloni, kisha maandishi aliyoyapitia yakabaki vile vile, basi nadharia hiyo imekuwa pambo tu.

Mfano tutakaoutumia hautoki katika riwaya wala tamthilia. Unatoka katika uandishi wa habari na insha kuhusu mauaji ya wazee waliotuhumiwa kuwa wachawi katika nchi ya Abagusii, yaani Kaunti za Kisii na Nyamira. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wa wanafunzi tunaowafundisha Kiswahili katika sehemu hizi watakuwa walimu, watangazaji na waandishi wa habari, nao wataandika juu ya jambo hili watake wasitake. Pili, hapa kosa la sentensi si kosa la mtihani. Mtu akiitwa mchawi kwa maandishi, jina hilo huenda likamfuata yeye, watoto wake na wajukuu wake.

2. Nadharia tulizo nazo

Hatuwezi kusema kwamba lugha yetu imekosa vitabu vya nadharia. Kitabu cha Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, kilichohaririwa na Farouk Topan, kilitokea mwaka 1971, miaka michache baada ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong kupendekeza, mwaka 1968, kwamba Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe mahali pa katikati. Baadaye tulipata Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake cha K. W. Wamitila (2002) na Nadharia za Uhakiki wa Fasihi cha R. M. Wafula na Kimani Njogu (2007). Mwanafunzi wa leo anaweza kusoma juu ya umuundo, umaksi na ufeministi kwa Kiswahili kitupu.

Upungufu uko katika matumizi. Nadharia hizi tumezielekeza zaidi kwa vitabu vya waandishi mashuhuri, na mara chache sana kwa karatasi iliyo mbele yetu, iliyoandikwa na mwanafunzi au mwandishi chipukizi ambaye bado anaweza kuibadilisha. Kazi ya kurekebisha karatasi hiyo tumeiachia sarufi na tahajia. Tunasahihisha upatanisho wa ngeli, tunaongeza mkato na nukta, kisha tunairudisha. Lakini aya inaweza kuwa sahihi kabisa kisarufi na bado ikamdhulumu mtu.

3. Tukio na maandishi yake

Mauaji tunayoyazungumzia yana tarehe zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulizuka wimbi la mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi Gusii, nalo lilichunguzwa kwa kina na Justus Ogembo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2006. Mwezi wa Mei 2008 watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto katika Kisii, 8 kati yao wakiwa wanawake, na wengi wao walikuwa na umri mkubwa sana. Mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa kwa namna hiyo hiyo huko Marani, Kaunti ya Kisii.

Ili tuweze kuchambua bila kumshitaki mwandishi yeyote, tumetunga wenyewe aya fupi yenye sura ya aya nyingi za aina hii. Haielezi tukio lolote mahususi:

"Vikongwe wanne walioshukiwa kuwa wachawi waliteketea katika kijiji fulani cha Gusii baada ya wananchi wenye hasira kuvamia nyumba zao. Yasemekana walikuwa wamemroga kijana mmoja. Imani za uchawi zimekita mizizi katika jamii hiyo tangu jadi."

Msahihishaji wa kawaida hataona kosa hapa. Upatanisho ni sawa, msamiati ni fasaha, na maelezo ni mafupi kama habari inavyotakiwa iwe. Basi na tuipitishe aya hii katika maswali manne, kila swali likitokana na nadharia mojawapo.

4. Maswali manne

4.1 Ni nani aliyetenda?

Mwaka 1979 wataalamu wa lugha, Roger Fowler, Bob Hodge, Gunther Kress na Tony Trew, walitoa kitabu kuhusu lugha na udhibiti wa jamii. Humo Trew alichambua jinsi magazeti ya London yalivyoripoti tukio la polisi kuwapiga risasi na kuwaua Waafrika mjini Salisbury, Rhodesia, mwaka 1975. Alionyesha kwamba kwa kutumia kauli ya kutendwa, na kwa kuibadilisha habari hatua kwa hatua siku zilizofuata, mtenda aliweza kusogezwa nyuma hadi akakaribia kutoweka.

Tukilileta swali hili katika Kiswahili, tunagundua kwamba lugha yetu ina ngazi zilizo wazi zaidi, kwa kuwa zinaonekana katika umbo la kitenzi chenyewe. Tazama:

(a) Wazee waliteketea.
(b) Wazee waliteketezwa.
(c) Wazee waliteketezwa na kundi la watu.
(d) Kundi la watu liliwateketeza wazee.

Katika (a) kitenzi hakimhitaji mtenda. Msitu huteketea, ghala huteketea, na moto wenyewe ndio unaoonekana kuwa chanzo. Katika (b) kiambishi cha kusababisha na kile cha kutendwa vimeingia, kwa hiyo msomaji anajua kwamba yuko aliyesababisha, ingawa hatajwi. Katika (c) ametajwa mwishoni. Katika (d) amewekwa mahali pa kiima, ambapo sarufi humtaka ajibu kwa kitendo chake. Mwandishi wa aya yetu amechagua (a). Huenda hakukusudia lolote, lakini matokeo ni kwamba watu wanne wamekufa na hakuna aliyewaua.

Wengi wetu hufundisha unyambulishaji wa vitenzi kama zoezi la mofolojia, na hapo tumeishia. Mfano huu unaonyesha kwamba unyambulishaji ni pia suala la uwajibikaji. Nadharia iliyotoka ng'ambo imetupa swali, nayo sarufi yetu imetupa jibu lililo pana kuliko lile la mwenye swali.

4.2 Ni nani aliyetoa jina?

Swali la pili latokana na wanafikra walioshughulikia uhusiano wa lugha na mamlaka, kama Michel Foucault, na hasa Stuart Hall na wenzake wa Birmingham. Katika uchunguzi wao wa mwaka 1978 juu ya habari za unyang'anyi wa barabarani nchini Uingereza, walieleza kwamba yule anayewahi kuliita jambo jina huwafunga wote wanaofuata. Hata anayepinga hulazimika kuzungumza ndani ya jina hilo.

Aya yetu ina majina matatu ya namna hiyo. La kwanza limo katika "walioshukiwa". Kushuku ni kitendo cha mtu, lakini hapa anayeshuku hatajwi. Zaidi ya hayo, neno mshukiwa ni la polisi na mahakama: mshukiwa wa wizi ni mtu ambaye uchunguzi rasmi umeelekezwa kwake. Tunapowaita waliouawa "washukiwa wa uchawi", tunawapa wauaji heshima ya mpelelezi, na waliouawa tunawaacha kizimbani hata baada ya kifo.

La pili ni "wananchi wenye hasira". Mwananchi ni mwenye haki katika nchi. Wauaji wakiitwa wananchi, wazee waliouawa wanabaki kuwa nani? Nao walikuwa na vitambulisho, mashamba na kura. Neno hasira nalo hutanguliza kosa, kwa kuwa mtu hukasirika baada ya kukosewa. Kwa maneno matatu tu, uuaji umekuwa jibu la uovu ambao haujathibitishwa.

La tatu ni "vikongwe". Ngeli ya KI-VI inapowekewa binadamu mara nyingi hubeba udogo au dharau, na ingawa upatanisho hufuata A-WA, umbo lenyewe lina harufu yake. Neno ajuza, lililotoka Kiarabu, lilianza kwa maana ya mwanamke mzee tu, lakini katika hadithi nyingi limekwisha kujizungushia nguo za uchawi. Mwanafunzi huyu huyu akimsimulia mama huyo kwa Ekegusii, atamwita omongina, neno la heshima kwa mwanamke mtu mzima. Akiwa ni nyanya yake, atamwita magokoro. Basi heshima iliyomo katika lugha ya nyumbani imepotelea wapi alipovuka kuingia Kiswahili? Haikupotea kwa sababu Kiswahili hakina maneno. Yapo: bibi, nyanya, mama mzee. Imepotea kwa sababu mwandishi ameazima Kiswahili kilichokwisha kushonwa kwa habari za aina hii.

Kadhalika neno "mchawi" lenyewe lahitaji uangalifu. Ekegusii hutofautisha omorogi, anayedhaniwa kudhuru kwa siri, na omonyamosira, mwenye dawa za kulipiza, na omoragori, mpiga ramli, ambaye kwa desturi mara nyingi ni mwanamke. Mzizi wa omorogi ndio huo wa kitenzi chetu roga, na ni wa zamani katika lugha za Kibantu. Mwandishi anayewatia wote katika kapu moja la "wachawi" anaweza kumfanya mpiga ramli anayejulikana na kila mtu aonekane kuwa adui wa siri. Kosa hilo ni la tafsiri, lakini laweza kuhatarisha maisha.

4.3 Jambo hili ni la wakati gani?

Sentensi ya mwisho ya aya yetu yasema "tangu jadi". Mwaka 1983 Johannes Fabian aliikosoa taaluma ya anthropolojia kwa tabia yake ya kuwaweka watu inaowachunguza katika wakati mwingine, kana kwamba hawaishi katika karne moja na mwandishi. Abagusii wameandikwa sana kwa namna hiyo. Utafiti wa Robert na Barbara LeVine wa miaka ya 1950, uliotolewa mwaka 1966 kwa jina la Nyansongo, na sura ya Robert LeVine juu ya uchawi katika mkusanyo wa John Middleton na E. H. Winter wa mwaka 1963, ni kazi za kitaalamu zenye manufaa makubwa. Lakini ziliwaeleza watu wa miaka fulani. Anayezinukuu leo kama picha ya Mgusii wa siku zote ameondoa tarehe na kubakiza tabia.

"Tangu jadi" hufanya vivyo hivyo. Imani juu ya uchawi ni ya kale, hapa kama ilivyo Ulaya, lakini mauaji ya watu wengi kwa moto, yakifanywa na makundi, yana miaka yake: mwanzoni mwa miaka ya 1990, 2008, 2021. Jambo lenye tarehe lina sababu, na jambo lenye sababu laweza kuzuiwa. Jambo la tangu jadi halina la kufanywa ila kusikitikiwa. Hata sheria ina historia: Sheria ya Uchawi ya Kenya ilitungwa mwaka 1925, wakati wa ukoloni, nayo ni sehemu ya masimulizi haya kuliko hiyo "jadi".

4.4 Ni nani hakusema?

Swali la nne ni la Gayatri Spivak, aliyeuliza mwaka 1988 kama mtu wa tabaka la chini kabisa anaweza kusema na akasikika. Katika aya yetu anayesema ni "yasemekana", kitenzi kisicho na mwenyewe. Hapana jamaa wa marehemu, hapana jirani, hapana mzee mwingine anayelala macho wazi akihofia kwamba zamu yake yaja. Ufeministi huongeza jambo hapa: idadi ya wanawake miongoni mwa waliouawa mwaka 2008 na 2021 haiwezi kupitiwa kimya. Mwandishi ana wajibu wa kuuliza kwa nini ni wanawake, na kwa nini ni wazee, hata kama jibu hatalipata siku hiyo.

5. Aya iliyorekebishwa

Baada ya maswali hayo mhakiki anaweza kupendekeza hivi:

"Kundi la watu liliwaua wanawake wanne wazee katika kijiji fulani cha Gusii kwa kuzitia moto nyumba zao. Wauaji waliwatuhumu kwamba wamemroga kijana mmoja. Mwandishi hakuonyeshwa ushahidi wowote wa tuhuma hiyo. (Hapa yawekwe maneno ya jamaa au majirani wa marehemu.) Mauaji ya namna hii yalitokea Gusii mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwaka 2008 na mwaka 2021."

Aya hii haijarefuka sana. Lakini sasa kitendo kina mtenda, tuhuma ina mwenyewe, marehemu hawamo tena kizimbani, na wakati umepata tarehe. Yafaa pia ionekane kwamba mabano yameachwa wazi. Mhakiki hana ruhusa ya kuyajaza kwa kubuni, wala mwandishi hawezi kuyajaza akiwa mezani. Itambidi arudi kijijini kuuliza. Kwa maoni yetu hii ndiyo faida kubwa ya nadharia katika urekebishaji: yaonyesha mahali ambapo maarifa yamekosekana, na ambapo ufasaha ulikuwa umefunika shimo.

6. Mipaka ya nadharia

Hata hivyo, haitafaa kuifanya nadharia kuwa mganga wa kila ugonjwa. Ziko hatari tatu ambazo mhakiki lazima azikumbuke.

Hatari ya kwanza ni kuiacha nadharia ichukue mahali pa ushahidi. Msomaji wa Silvia Federici, ambaye mwaka 2004 alihusisha mauaji ya wachawi ya Ulaya na kunyang'anywa ardhi kwa watu wa chini, ataitazama Kisii mara moja kwa jicho la mashamba. Sababu ya kutazama hivyo ipo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira 605,576, zaidi ya 600 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa vipande. Lakini kuandika kwamba wazee fulani waliuawa kwa ajili ya shamba, bila kuthibitisha, ni kutunga tuhuma mpya juu ya watu wengine. Nadharia imruhusu mwandishi kuuliza juu ya ardhi. Isimruhusu kujibu kabla ya kuuliza.

Hatari ya pili ni ya wale wanaoitumia nadharia ya baada-ukoloni kama ngao ya jamii. Ni kweli kwamba wageni wametuandika vibaya. Lakini mwandishi anayetumia nguvu zake zote kulinda sifa za Abagusii, huku waliouawa ni Abagusii, amesahau ni nani aliyehitaji kulindwa.

Hatari ya tatu ni dharau ya msomi. Hofu ya uchawi ni hofu ya kweli kwa anayeihisi, hasa mtoto wake anapougua ugonjwa asioujua. Kumcheka hakutamsaidia yeye wala jirani yake mzee. Maandishi mazuri yataieleza hofu hiyo kwa uadilifu bila kuifanya kuwa ushahidi.

7. Utaratibu wa kufundishia

Tunapendekeza utaratibu ufuatao, ambao hauhitaji vifaa vyovyote zaidi ya karatasi. Mwanafunzi aandike mswada wake, kisha alisimulie tukio lile lile kwa mdomo katika lugha yake ya nyumbani, wenzake wakisikiliza na kuandika majina na vitenzi anavyotumia. Tofauti zitakazojitokeza zijadiliwe. Halafu mswada upitishwe katika maswali manne, na kila swali lijibiwe kwa kupendekeza sentensi, wala si kwa kutaja jina la nadharia. Mwishowe mwandishi apewe nafasi ya kuyakataa mapendekezo kwa hoja, maana sentensi ni yake na dhamana ni yake.

Majina ya wananadharia yaweza kuja baadaye. Mwanafunzi ambaye ameona kwa macho yake tofauti ya teketea na teketeza hatakuwa na shida ya kumwelewa Trew. Anayeanza na Trew huenda asiifikie teketea kamwe.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nadharia za uhakiki, zikiletwa kwa mswada badala ya kitabu, hugeuka kuwa maswali ya kazi: nani alitenda, nani alitoa jina, ni wakati gani, na nani hakusema. Maswali hayo yanaweza kuulizwa juu ya maandishi ya aina yoyote, yawe ya wizi wa ng'ombe, ya uchaguzi au ya mgomo wa wanafunzi. Tumeyauliza hapa juu ya mauaji ya wazee kwa kuwa ndiko uzito wake unakoonekana bila darubini.

Hatudai kwamba aya iliyorekebishwa itamzuia mtu mwenye kibiriti mkononi. Tunadai jambo dogo zaidi, nalo liko ndani ya uwezo wetu sisi walimu wa lugha: kwamba Kiswahili tunachokifundisha Kisii na Nyamira kisiwe cha kwanza kumhukumu mama mzee, wala kisiwe cha mwisho kumtetea.